Odi za krapsi: weka dogo mbele, kubwa nyuma

Wakuu, najua wengi hapa Dom tumezoea mikeka ya mpira, ila siku hizi kasino ziko kwenye simu na naona watu vijiweni wanaliwa kizembe kwenye krapsi (mchezo wa kamari wa dadu), kisa dau pekee ambalo kasino haimegi kitu kwa kawaida halijaandikwa mezani. Linaitwa odi, ndo hilo naelezea.

Mchezo wenyewe fasta fasta. Dadu mbili, unaweka dau pasilaini (ndo dau la kwanza, la msingi), mtu anarusha. Ikitoka 7 au 11 umekula, ikitoka 2, 3 au 12 umeliwa. Ikitoka 4, 5, 6, 8, 9 au 10 hiyo inakuwa pointi, zinarushwa tena na tena mpaka pointi irudi ule, au 7 ije uliwe. Basi.

Pointi ikishakaa unaruhusiwa kuongeza hela nyuma ya dau lako la kwanza, hizo ndo odi. Ukishinda, la mbele linalipwa hela kwa hela, la nyuma linalipwa kwa ugumu wa namba: 4 na 10 ni 2 kwa 1, 5 na 9 ni 3 kwa 2, 6 na 8 ni 6 kwa 5.

Hizo bei hazijatoka hewani. Dadu mbili zina njia 36 za kuangukia, 7 ina njia 6, wakati 4 ina njia 3 tu (1-3, 3-1 na 2-2), yani 7 inakuja mara mbili ya 4, so kulipwa 2 kwa 1 ni haki tupu. 9 ina njia 4, 6 ina njia 5, piga hesabu mwenyewe zinaingia. Sasa linganisha na mkeka, kitu cha nusu kwa nusu ungetakiwa upewe 2.00 wao wanakupa 1.90, yani washakukata kabla refa hajapuliza.

Meza nyingi zinaruhusu odi mara 3 ya dau lako kwa 4 na 10, mara 4 kwa 5 na 9, mara 5 kwa 6 na 8. Tuseme umeweka buku mbili mbele. Pointi ikiwa 4 unajaza 6,000 nyuma, ikirudi unapata faida 2,000 jumlisha 12,000. Ikiwa 9 unajaza 8,000, faida ni 14,000 vilevile. Ikiwa 6 unajaza 10,000, bado 14,000. Walioipanga walikuwa na akili bana.

Ila msinielewe vibaya, odi haikutajirishi. Kasino inakula kama asilimia 1.41 ya dau la mbele, la nyuma haligusi, kwa hiyo mwenye msimbazi mzima pasilaini anapoteza wastani wa sh 141 kila raundi, na aliyeweka buku mbili mbele akabakiza buku nane za kujazia nyuma anapoteza kama sh 28. Kwa muda mrefu hela ya nyuma inatoka sare, ila njiani inayumba vibaya mno, ya kodi ya nyumba usiilete huku.

Kingine, kasino zikilipa zinakata chenji kwenda chini. Pointi ikiwa 5 au 9 weka odi inayogawanyika kwa 2, ikiwa 6 au 8 inayogawanyika kwa 5, la sivyo unawaachia hela bure. Kama hesabu hazijakaa kichwani chukua dadu za ludo na karanga za buku mcheze nyumbani kwanza, ukiliwa zinaliwa kweli 😂

Na dau la pasilaini pointi ikishakaa hulitoi tena, limefungwa mpaka 7 au pointi itokee, lakini odi unaweza kuzichomoa muda wowote kabla dadu hazijarushwa.