Kabla hujalipia drili ya betri: mambo ya kuzingatia

Nilipohamia kwenye nyumba yangu, madirisha saba yalikuwa yanasubiri fimbo za mapazia. Nikaenda Kariakoo, nikarudi na drili ya betri ndani ya begi gumu la plastiki: betri mbili, chaja, biti za kila saizi, na ubavuni mwa betri maandishi makubwa, 98VF. Bei ilikuwa chini sana, nikajiona nimepata. Dirisha la kwanza lilikwenda vizuri. La pili biti ikaanza kusuasua. Kwenye la tatu betri ya kwanza ilikata, na ya pili ikapata moto mpaka haishikiki. Jioni nikafungua skrubu nne za kasha lake. Ndani mlikuwa na seli tano, kila moja nene kama kidole gumba, na pembeni yake nafasi za seli nyingine tano zikiwa tupu. Kasha lilikuwa la betri kubwa, kilichomo ni nusu yake.

Ninachokiamini tangu siku ile ni hiki: kwenye vifaa vya betri unanunua betri, mashine inakuja nyuma yake. Ukiielewa betri, bei nzuri utaitambua hata muuzaji asiposema neno.

Tuanze na volti, maana hapo ndipo watu wengi wanapopigwa. Seli moja ya lithiamu huhesabiwa volti 3.6 ikiwa kazini, na ikijaa kabisa hufika 4.2 hivi. Panga tano kwa mfululizo utapata 18 kazini na 21 zikiwa zimejaa. Kwa hiyo 18V, 20V na 21V ni kitu kilekile kilichoandikwa kwa namna tatu. DeWalt huandika 18V Ulaya na 20V MAX Marekani kwenye vifaa vya aina moja. Makita na Bosch huandika 18V, Ingco na Total huandika 20V. Hakuna sababu ya kuongeza hata shilingi kwa ajili ya tofauti hiyo. Na hizo 88VF, 98VF na 128VF? Volti 98 za kweli zingetaka seli zisizopungua 24 kwa mfululizo, na hakuna mpini wa drili ndogo wenye nafasi ya kuzibeba. Hiyo namba ni ya kibandiko tu. Ukiikuta, jua kwamba aliyeiandika hakutaka uijue volti yenyewe, halafu jiulize ni nini kingine hakutaka ukijue.

Namba ya pili ni Ah, yaani kiasi cha umeme ambacho betri inabeba. Hii nayo inadanganywa, ila ina shahidi mzuri: uzito. Seli inayotumika sana kwenye drili ina kipenyo cha milimita 18 na urefu wa milimita 65, uzito wake gramu 45 hivi, na uwezo wake kwa kawaida ni Ah 1.5 hadi 3. Betri ya seli tano za aina hiyo inakuwa ya Ah 2 hivi, na ikiwa na kasha lake haifiki nusu kilo. Betri ya Ah 4 au 5 mara nyingi ina seli kumi, safu mbili, na huzidi nusu kilo vizuri, nyingi hukaribia gramu 600 au kuzipita. Zipo pia seli nene zaidi, za milimita 21, zinazofika Ah 4 au 5 kila moja, lakini hizo nazo ni nzito na kasha lake ni pana. Kwa hiyo ukiona betri imeandikwa 6Ah halafu ukiishika ni nyepesi kama ya 2Ah iliyo rafu ya pili, irudishe mahali pake. Mimi siku hizi nakwenda na mzani mdogo wa jikoni kwenye mkoba. Wauzaji wameuzoea, na mmoja aliniomba nimpimie mzigo wake wote.

Sasa rudi nyumbani kidogo, kabla hata ya kufika dukani. Chukua karatasi, andika kazi ulizonazo kweli: fimbo za mapazia, vitasa, bawaba za kabati, kitanda cha kufunga, rafu, televisheni ya ukutani. Kazi hizi zote zinafanywa na drili moja ya 18V yenye alama ya nyundo. Ile mashine fupi ya kukazia skrubu ni tamu sana kwa fundi wa dari anayepiga skrubu mia kwa siku, wewe huihitaji mwaka huu. Grainda na msumeno vinakula betri haraka, na nyumbani vinaguswa mara mbili kwa mwaka, hivyo azima au kodi kwa fundi.

Kuna jambo moja la ukuta ambalo laiti ningelijua mapema. Tofali la saruji lenye plasta linatobolewa na drili ya kawaida ya nyundo kwa biti ya milimita 6 au 8 bila shida. Lakini juu ya dirisha, pale hasa fimbo ya pazia inapokaa, kuna linta ya zege, yenye kokoto na nondo. Hapo hata drili nzuri ya 18V inahema. Zege linataka mashine ya SDS, ile ambayo biti yake ina mpini wenye mifereji na inapiga kweli, siyo kutetemeka tu. Usinunue SDS kwa mashimo kumi na manne. Mwite fundi kwa nusu siku, matundu ya linta ayamalize, mengine utafanya mwenyewe kwa miaka.

Ukishajua kazi, chagua familia ya betri kabla ya kuchagua mashine. Karibu kila kampuni kubwa ina umbo lake la betri, na kwa kawaida betri ya moja haiingii kwa nyingine. Hata ndani ya kampuni moja angalia: Bosch ya buluu, ya mafundi, na Bosch ya kijani, ya nyumbani, zote ni 18V lakini betri zake haziingiliani. Ukianza na familia fulani, mashine ya pili utainunua tupu bila betri, na hapo ndipo nafuu ya kweli inapokaa. Kwa hiyo swali la kwanza dukani si bei ya drili. Uliza: “Kaka, betri peke yake mnauza? Shilingi ngapi? Na chaja?” Akisema betri haipatikani peke yake, unanunua kitu ambacho kitakufa siku betri yake itakapokufa. Tuseme seti yenye betri mbili na chaja ni 300,000, mashine tupu 130,000, betri moja 80,000 na chaja 50,000. Ukijumlisha moja moja unapata 340,000, basi seti imekupunguzia 40,000, na hiyo ndiyo ofa. Mara nyingine hesabu inatoka sawasawa, na neno “ofa” lipo kwenye bango tu. Kwa nyumbani, betri mbili za Ah 2 zinafaa kuliko moja ya Ah 4: moja inafanya kazi, nyingine iko kwenye chaja, na mkono hauchoki.

Chaja nayo igeuze usome mgongoni. Ikiandikwa 21V 1.3A, betri ya Ah 2 itachukua saa moja na nusu au zaidi. Ikiandikwa 0.5A, jiandae kusubiri saa nne au zaidi, na umeme ukikatika katikati ndiyo imeishia hapo. Zile chaja zenye waya mwembamba na pini kama ya redio mimi nimeziacha kabisa. Napenda chaja ambayo betri inateleza juu yake, kwa sababu nyingi za aina hiyo zinasoma joto la betri na kukata zenyewe.

Dukani, usikubali kuonyeshwa mashine ikizunguka hewani tu. Njoo na kipande cha mninga kutoka kwa seremala na skrubu tatu za inchi mbili. Funga biti ya milimita 6, izungushe polepole ukitazama ncha. Ncha ikitulia, vizuri. Ikichora kiduara hewani, kinywa kinachoshika biti kimepinda na kila tundu utakalotoboa litakuwa pana kuliko plagi ya skrubu. Bonyeza kitufe kidogo kidogo: mwendo upande taratibu pamoja na kidole. Achia ghafla: isimame palepale. Kisha pete yenye namba, iweke kwenye namba ndogo, sukuma skrubu ndani ya mninga. Inatakiwa ifike mahali itoe mlio wa kukwaruza na kuacha kusukuma. Kama inaendelea hadi kichwa cha skrubu kinalika, pete hiyo ni pambo. Fanya hivyo kwa betri zote mbili, siyo moja. Mimi nilipofanya hivi mara ya kwanza muuzaji alikunja uso, lakini skrubu ya tatu ilipokwama alikwenda mwenyewe stoo kuleta nyingine, na hiyo ndiyo ninayo mpaka leo.

Kama bajeti inaruhusu, tafuta mota isiyo na kaboni (brushless), yaani isiyo na vile vipande vinavyosugua ndani ya mota na kulika. Inapata joto kidogo na betri inadumu zaidi kwa chaji moja. Kama hairuhusu, ya kaboni inatosha nyumbani, mradi kaboni zinapatikana na kuna kifuniko cha kuzibadilishia.

Kuhusu feki, kampuni kubwa ndizo zinazoigwa zaidi, hasa betri zake, na betri ya kuiga inaweza kukosa kabisa saketi ya kuilinda seli. Hilo si suala la pesa tu, seli za lithiamu zikizidishiwa chaji zinaweza kuwaka. Angalia maandishi kama yamechapwa vizuri, namba ya utambulisho kama ipo, na bei: betri mpya ya kampuni kubwa kwa robo ya bei ya duka la wakala haiwezi kuwa halisi. Dai risiti ya EFD yenye jina la kitu, siyo “vifaa” tu, na waranti iandikwe muda wake na kama inahusu betri, maana nyingi zinahusu mashine peke yake. Bidhaa bandia Tanzania zinashughulikiwa na Tume ya Ushindani, FCC, na bila risiti huna cha kuwapelekea.

Mtumba na mizigo ya ndugu walio nje ni njia nzuri, ila tazama chaja. Uingereza na Dubai wanatumia umeme unaolingana na wetu na plagi ileile ya pini tatu. Chaja za Marekani kwa kawaida ni za volti 120, za Japani 100, na ukizichomeka kwenye 230 ya hapa zinaungua. Makita safi ya mtumba kutoka Japani inunue, lakini weka kwenye hesabu bei ya chaja ya hapa. Ndugu akija kwa ndege, mwambie betri za ziada azibebe kwenye begi la mkononi, ncha zake zikiwa zimezibwa, na drili iende kwenye mzigo. Mashirika ya ndege huhesabu Wh, yaani volti mara Ah: 18 mara 5 ni 90, chini ya 100, inapita bila kuomba ruhusa. Kati ya 100 na 160 lazima shirika likubali kwanza.

Ukifika nyumbani usiiweke kabatini ukisubiri kazi. Siku hiyohiyo andika tarehe ya kununua kwa kalamu nzito kwenye kila betri, na uzipe namba, 1 na 2. Zichaji mezani ukiwepo, mbali na godoro na pazia. Kisha toboa kwenye kile kipande cha mninga, ukihesabu matundu ambayo kila betri inatoa hadi inakata, na uandike idadi pembeni ya tarehe. Betri mbili pacha zikitofautiana sana, irudishe iliyo dhaifu wiki hiyo, muuzaji akiwa bado anakumbuka uso wako. Na mwakani, ukiona drili imelegea, utahesabu tena kwenye mti uleule na kujua ni betri ipi ya kubadilisha.