Kabla hujamhukumu mwenzako wiki ya ritani

Kwa sisi wahasibu, tarehe 20 ya kila mwezi ndiyo kiama: ritani, yaani taarifa ya kodi ya ongezeko la thamani (VAT), lazima iwe imeshafika TRA, Mamlaka ya Mapato Tanzania. Kuanzia tarehe 17 hivi kila mtu ofisini anaonyesha rangi yake. Mmoja anazunguka meza hadi meza akilalamikia risiti za EFD (mashine ya risiti ya kielektroniki) ambazo mteja hajaleta. Mwingine kainamia kompyuta, hata salamu haitiki. Zamani nilimwona wa kwanza mvivu, wa pili mwenye kinyongo. Kumbe mchangamfu anatua mzigo kwa kusema, mkimya anautua akiachwa peke yake.

Siku hizi nauliza swali moja tu: "Nikusikilize, au nikupunguzie kazi?" Jibu hunishangaza mara nyingi.

Wanasaikolojia Lazarus na Folkman, mwaka 1984, walitenganisha kukabili tatizo lenyewe na kutuliza hisia. Wenye wasiwasi wa asili hukimbilia hisia, wapenda mpangilio hukimbilia orodha. Angalia tu kama ulichokimbilia kinafaa. Mteja asiyeleta risiti anapigiwa simu, kumlalamikia kwa majirani hakuleti risiti. Tarehe 20 yenyewe huisogezi, hapo kanywe chai.

Mimi ni wa orodha, na ugonjwa wetu ni kuhakiki kupita kiasi. Nimewahi kupitia jedwali lilelile mara 4, saa tano usiku, na halikuwa na kosa. Sasa ni mara 2, nafunga kompyuta, nawahi daladala.