Matumizi ya "make up" kwa maana ya kubuni

Kitenzi cha Kiingereza "make up", kinapotumika kwa maana ya kubuni, mara nyingi hudokeza kwamba kilichobuniwa hakina ukweli, hivyo mtu anayeambiwa "You made that up" anashutumiwa kwa kutunga uongo, wala hasifiwi kwa ubunifu wake. Shutuma hiyo hutoweka pale mzazi anapomtungia mtoto hadithi kabla ya kulala, kwa kuwa "She made up a story" katika muktadha huo ni maelezo tu yasiyo na lawama.

Jambo linalowasumbua wanafunzi wengi, pengine kuliko maana yenyewe, ni mahali pa kuweka yambwa, yaani neno linalotaja kitu kinachobuniwa. Nomino inaweza kukaa mwishoni au katikati, yaani "He made up an excuse" na "He made an excuse up" zote ni sahihi, lakini kiwakilishi hakina hiari hiyo: huandikwa "He made it up", na kuandika "He made up it" ni kosa. Nomino ikifuatwa na maelezo marefu, ni vyema kuiacha mwishoni, maana msomaji akicheleweshewa "up" hupoteza mwelekeo wa sentensi.

Kwa mtu aliyepata wazo au suluhisho la kweli, afadhali kutumia "come up with", ambacho hakitenganishwi hata kidogo: "She came up with a plan". Anayemwandikia mkuu wake wa kazi "I made up the figures", akikusudia kusema kwamba aliziandaa takwimu, amejishtaki mwenyewe kwa kughushi.