Namna ya kuchagua na kutunza kipandikizi cha jino bila kulea bakteria sugu

Mtu aliyepoteza jino na kushauriwa kuwekewa kipandikizi, yaani skrubu ndogo inayozamishwa katika mfupa wa taya na baadaye kuvishwa jino la bandia, kwa kawaida huuliza bei yake na muda kitakaodumu. Ni mara chache sana kusikia mgonjwa akiuliza bakteria wa kinywani watafanya nini juu ya kifaa hicho, na kama dawa zitafanya kazi siku fizi itakapovimba. Mwongozo huu unashughulikia swali hilo. Umeandikwa kwa kumfikiria mkazi wa Dodoma, Singida na wilaya za jirani, ambaye pengine atawekewa kipandikizi Dar es Salaam kisha arudi kuishi nacho Kongwa, Manyoni au Kondoa.

Kabla ya kuchagua chochote, ni vyema kuelewa kinachotokea pale kifaa kinapokutana na mate. Katika dakika chache tu, protini za mate hutandaa juu yake na kuacha ngozi nyembamba isiyoonekana kwa macho, na bakteria wa jamii ya Streptococcus hunata hapo wakiwa wa kwanza. Hufuatwa na wengine, kama Fusobacterium nucleatum, ambao huwashika na kuwapa nafasi bakteria wasiopenda hewa, miongoni mwao Porphyromonas gingivalis, anayehusishwa sana na kuharibika kwa fizi na mfupa. Utando huo ukikomaa, bakteria waliomo ndani yake huweza kuvumilia kiwango cha antibiotiki kinachozidi mara kumi, mara mia na wakati mwingine hata mara elfu kile kinachowaua wakiwa wanaelea peke yao. Ute uliowafunika huchelewesha dawa kupenya, na walio chini kabisa hukua polepole mno, ilhali antibiotiki nyingi hushambulia bakteria wanaokua. Isitoshe, kwa kuwa wamebanana, ni rahisi kwao kupeana vinasaba vya usugu, hata kati ya spishi tofauti. Kwa sababu hiyo hakuna kidonge kinachoweza kusafisha kipandikizi kichafu, na hatua zote zinazofuata zinatokana na ukweli huu.

Kuchagua kifaa

Vipandikizi vingi hutengenezwa kwa titani, madini ambayo Per-Ingvar Brånemark wa Sweden aliyatumia kumwekea mgonjwa wake wa kwanza mwaka 1965, baada ya kubaini kwamba mfupa hushikamana nayo moja kwa moja. Titani hiyo inaweza kuwa tupu, au ikachanganywa na alumini na vanadi, au na zirkoni ili iwe imara zaidi. Ipo pia kauri ngumu nyeupe iitwayo zirkonia. Baadhi ya vipimo vimeonyesha kwamba zirkonia hukusanya utando mdogo kuliko titani, lakini matokeo hayalingani kati ya utafiti mmoja na mwingine, na ushahidi wa miaka mingi uko zaidi upande wa titani. Kwa maoni yangu, mtu asilipe fedha nyingi zaidi kwa ajili ya zirkonia akiamini kwamba amenunua kinga dhidi ya bakteria. Anaweza kuichagua kwa sababu ya rangi yake, na hiyo ni sababu halali.

Jambo lenye uzito zaidi kuliko jina la madini ni ukwaru wa uso wake. Watafiti wa Leuven, Ubelgiji, walionyesha katika miaka ya 1990 kwamba uso wenye ukwaru unaozidi wastani wa maikromita 0.2 (maikromita moja ni sehemu ya elfu ya milimita) hukusanya bakteria wengi zaidi, na kwamba kuulainisha chini ya hapo hakuleti tofauti kubwa. Sehemu ya kipandikizi inayokaa ndani ya mfupa hufanywa kuwa na ukwaru kwa makusudi, mara nyingi kati ya maikromita 1 na 2, ili mfupa upate pa kushika. Sehemu inayopenya kwenye fizi ndiyo inayotakiwa kuwa laini. Hatari huja pale mfupa unapopungua na nyuzi za skrubu zenye ukwaru zikabaki wazi ndani ya kinywa, kwani hapo bakteria hupata makazi ambayo mswaki hauwezi kuyafikia. Muulize daktari wako wa kinywa na meno ukwaru unaishia wapi kwenye kifaa anachotaka kukuwekea, na kama una mfupa na fizi ya kutosha kuufunika.

Muulize pia jino la bandia litafungwa kwa skrubu au litagandishwa kwa saruji ya meno. Saruji inayobaki chini ya fizi ni chanzo kinachojulikana cha uvimbe, kwa hiyo pale panapowezekana ufungaji wa skrubu ni afadhali, tena huruhusu jino kufunguliwa na kusafishwa.

Ukielezwa kwamba kifaa kina tabaka maalumu la kuua bakteria, iwe ni fedha, shaba, zinki au antibiotiki yenyewe, usikubali kwa haraka. Vinasaba vya kustahimili metali na vile vya kustahimili antibiotiki vinaweza kukaa kwenye plazimidi moja, yaani kipande kidogo cha DNA ambacho bakteria hupeana, hivyo metali ikiwachuja bakteria, wanaosalia wanaweza kuwa wamebeba usugu wa aina zote mbili. Tabaka la antibiotiki nalo huweza kutoa dawa nyingi siku za mwanzo kisha likabaki likivuja kidogo kidogo, na dozi ndogo ya muda mrefu ndiyo hali inayowapa bakteria sugu nafasi ya kushinda wenzao. Omba sababu mahususi inayohusu hali yako mwenyewe, na kama haipo, chagua kifaa cha kawaida.

Kabla ya kuondoka kliniki, dai kadi yenye jina la mtengenezaji, aina ya madini, kipenyo, urefu na namba ya toleo. Treni ya SGR imefanya safari ya Dar es Salaam kuwa nyepesi, lakini fizi ikivimba ghafla utamwona daktari aliye karibu, naye bila kadi hiyo hawezi kujua bisibisi ipi inafungua kifaa chako. Piga picha kadi hiyo na uihifadhi kwenye simu.

Antibiotiki wakati wa upasuaji na baadaye

Mapitio ya tafiti yaliyotolewa mwaka 2013 na Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za afya, yalionyesha kwamba gramu 2 za amoksilini zikimezwa saa moja kabla ya upasuaji hupunguza kushindwa kwa vipandikizi: katika kila watu 25 wanaopewa, mmoja huepushwa na hasara hiyo. Faida ipo, ingawa si kubwa, na inatokana na dozi ya kabla. Ukiandikiwa vidonge vya siku tano au saba baada ya upasuaji, nawe huna ugonjwa mwingine, muulize daktari kwa heshima kwa nini vinahitajika. Usiache kumweleza kama una mzio wa penisilini, kisukari, au historia ya ugonjwa wa fizi, na kama unavuta sigara.

Suala hili si la nadharia. Watafiti wa Marekani waliochunguza wagonjwa 120 waliokuwa na uambukizo uliokula mfupa kuzunguka vipandikizi, na kuchapisha matokeo mwaka 2014, walikuta asilimia 71.7 wana bakteria walio sugu kwa angalau dawa moja kati ya nne zilizopimwa maabara. Usugu kwa klindamaisini ulionekana kwa asilimia 46.7 ya wagonjwa, amoksilini asilimia 39.2, doksisaiklini asilimia 25 na metronidazo asilimia 21.7. Takwimu hizo ni za huko, lakini dawa ni zilezile tunazoziona kwenye maduka yetu ya dawa. Mtu anayenunua vidonge vichache vya amoksilini kila anapopata mafua, ambayo husababishwa na virusi, anawaanika pia bakteria wa kinywani mwake kwa dawa hiyo, na walio sugu ndio wanaobaki. Anayetarajia kuwekewa kipandikizi ana sababu ya ziada ya kuacha tabia hiyo mapema.

Usafi wa kila siku

Tumia mswaki laini mara mbili kwa siku, ukiulaza kwenye mpaka wa fizi na jino, na kila jioni pitisha uzi wa meno au brashi ndogo ya katikati ya meno. Chagua brashi ambayo waya wake umefunikwa kwa plastiki, ili usikwaruze sehemu laini. Mswaki wa mti unaweza kusafisha uso wa meno, lakini haufiki chini ya jino la bandia, ambako nyuzi za nyama choma hupenda kukwama. Kwa sababu hiyohiyo ya mikwaruzo, anayekuondolea ugaga kliniki asitumie ncha ya chuma cha kawaida kwenye kipandikizi, bali kifaa cha plastiki au cha titani.

Wakazi wa maeneo ambayo maji ya visima yana floraidi nyingi, kama sehemu za Singida, huuliza kama maji hayo hula titani. Floraidi huiharibu titani inapokuwa nyingi na ikakutana na tindikali, hali ambayo maji ya kunywa na dawa za meno za kawaida hazina. Kinachohitaji tahadhari ni jeli za floraidi zenye tindikali zinazopakwa kliniki, hivyo taja kipandikizi chako kabla ya kupakwa.

Dawa ya kusukutua yenye klorheksidini inafaa kwa wiki moja au mbili baada ya upasuaji. Isifanywe kuwa ya kudumu, kwa kuwa hutia meno madoa, na maabara zimeonyesha kwamba bakteria wanaokutana nayo kwa muda mrefu huweza kuizoea.

Fizi ikivuja damu au usaha

Kipandikizi hakina nyuzi za kuhisi kama zile zinazoshikilia jino la asili, kwa hiyo mfupa unaweza kuliwa bila maumivu. Usisubiri kuumwa. Damu wakati wa kupiga mswaki, uvimbe, ladha mbaya au usaha vinatosha kukupeleka kwa daktari. Ikiwa ni fizi pekee iliyovimba, usafishaji wa kitaalamu pamoja na usafi wa nyumbani mara nyingi huirudisha katika hali yake. Mfupa ukiwa umeanza kupungua, kazi ni kubwa zaidi na huenda ukahitajika upasuaji, na antibiotiki hapo husaidia tu baada ya utando kuondolewa na daktari kwa vifaa vyake. Daktari akiona zinahitajika, muulize kama sampuli ya usaha inaweza kuoteshwa maabara kabla ya dozi ya kwanza, hasa kama umekwisha kutumia dawa moja bila nafuu.

Hali moja haina subira. Ukipata homa, uvimbe unaoshuka chini ya kidevu au shingoni, taabu ya kumeza, kupumua au kufungua kinywa, nenda moja kwa moja hospitali ya rufaa, kwa mfano ile ya Mkoa wa Dodoma au ya Benjamin Mkapa, bila kupitia duka la dawa, na uwaonyeshe kadi ya kipandikizi pamoja na majina ya dawa zote ulizomeza mwezi huo.