Somo: Andika, kompyuta iongee badala yako kwenye vikao vya Zoom

Wakuu, habari za Mwanza. Somo hili ameliomba mwalimu mmoja wa huku Igoma ambaye daktari amemwambia aipumzishe sauti, na vikao vya mtandaoni havimsubiri. Litamfaa pia mwenye kigugumizi, aliyefanyiwa upasuaji wa koo, na yeyote ambaye vidole vyake vina kasi kuliko ulimi. Natumia Windows 11.

Ujanja wenyewe ni mdogo. Zoom inasikiliza maikrofoni tu. Habari za programu inayosoma maandishi haizijui. Kwa hiyo tunaweka kebo ya bandia ndani ya kompyuta. Ichukulie kama mpira wa kumwagilia: upande mmoja sauti inamiminwa, upande wa pili Zoom inakinga.

Hatua ya 1: Weka kebo. Ingia tovuti ya VB-Audio, pakua VB-CABLE. Unaitumia bure, ukipenda unawachangia. Faili linakuja likiwa zip. Toa mafaili yote nje ya zip kwanza, usikimbilie kubofya ukiwa humo humo ndani. Kisha bofya VBCABLE_Setup_x64 kwa kitufe cha kulia cha mausi, chagua "Run as administrator", weka draiva, zima kompyuta na kuiwasha upya.

Ikiwaka, usishtuke muziki ukiwa kimya. Mara nyingi Windows inaifanya kebo kuwa ndiyo spika kuu. Bofya alama ya spika pale chini, rudisha spika zako au hedifoni.

Hatua ya 2: Tafuta sauti. Kwa Kiswahili cha Tanzania mimi nawapeleka watu kwenye kivinjari cha Microsoft Edge, kwa sababu kina Rehema na Daudi, sauti mbili zinazotamka kama watu. Andika maneno yako kwenye Notepad, hifadhi, lifungue faili hilo ndani ya Edge, halafu bonyeza Ctrl+Shift+U. Kwenye "Voice options" mchague Rehema au Daudi. Ukiongeza sentensi mpya: hifadhi, rudi Edge, bonyeza F5, ichague sentensi hiyo, isomeshe.

Hatua ya 3: Elekeza sauti kwenye kebo. Edge ikiwa inasoma (isiposoma huenda usiione kwenye orodha), nenda Settings, System, Sound, kisha "Volume mixer". Itafute Microsoft Edge, na kwenye "Output device" weka CABLE Input.

Hatua ya 4: Kwenye Zoom bofya kimshale kando ya alama ya maikrofoni, chagua CABLE Output. Spika ya Zoom iache kwenye hedifoni zako. Majina hayo mawili ndiyo yanayowakwamisha wengi, basi yaandike kwenye karatasi uibandike ukutani: programu inayosoma inapewa Input, Zoom inapewa Output. Ukigeuza, kimya.

Humo humo kwenye mipangilio ya sauti ya Zoom, ondoa tiki ya kurekebisha maikrofoni yenyewe, na washa "Original sound for musicians". Bila hivyo Zoom inaweza kumdhania Rehema ni kelele ikamkata mwanzo wa maneno.

Angalizo kwa wa Google Meet: usiifungue Meet ndani ya Edge hiyo hiyo. Sauti zote za Edge zinaingia kwenye kebo, kwa hiyo wenzako watarudishiwa sauti zao wenyewe. Meet ifungue kwenye Chrome, Edge ibaki na kazi ya kusoma.

Hatua ya 5: Ukitaka kujisikia unachosema, fungua mipangilio ya zamani ya sauti, sehemu ya "Recording", ingia CABLE Output, kisha "Listen", weka tiki, chagua hedifoni.

Mitambo imeisha, limebaki la kibinadamu ambalo naona ni zito kuliko kebo. Unapoandika, wenzako wanasikia kimya, na huku kwetu kimya kwenye simu maana yake mtandao umekata. Wataanza "haloo, haloo", kikao kivurugike. Juu kabisa ya faili lako ziwe tayari sentensi hizi: "Nipo, naandika, nipeni nusu dakika." "Naomba nafasi, mwenyekiti." "Sikubaliani na hilo, nitaeleza." Hiyo ya mwisho usiisahau, asiyeweza kupinga haraka huhesabiwa amekubali. Na mwanzo wa kikao waambie wazi kwamba unaongea kwa kompyuta.

MASWALI YA WANACHAMA

Kutoka Nansio: Shikamoo mwalimu. Mimi nina simu ya Android tu, nafanyaje?
Jibu: Marahaba. Kwa njia hii haiwezekani, Android hairuhusu programu moja kumimina sauti kwenye maikrofoni ya nyingine. Kama kuna simu ya pili nyumbani, iache hiyo isome karibu na simu unayopigia. Si safi, lakini utasikika.

Kutoka Sengerema: Mkuu, sauti inatoka inakwaruza.
Jibu: Kwenye ile mipangilio ya zamani ya sauti, ingia CABLE Input na CABLE Output, kote kuwili weka 48000 Hz. Zikitofautiana ndiyo hayo makwaruzo.

Kutoka Buzuruga: Rehema anakula bando? Na mtandao ukikata?
Jibu: Anakula, na mtandao ukikata naye ananyamaza. Weka eSpeak NG, programu ndogo ya kusoma maandishi, kama akiba. Fungua dirisha la amri, andika espeak-ng -v sw "Nimerudi, endeleeni". Inaongea kama roboti, ila haihitaji intaneti. Ukitumia eSpeak, ifanye CABLE Input kuwa spika kuu kwa muda, kwa sababu programu inafunguka na kufunga haraka kabla hujaikuta kwenye orodha.

Kutoka Magu: Naweza kumtumia Daudi kuwapigia wadaiwa wangu nijifanye wa benki? 😂
Jibu: Hapana, kaka. Kujifanya mtu mwingine mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Tuna "ile pesa tuma kwenye namba hii" za kutosha.

Kutoka Nyegezi: Kuna wakati nataka kuongea mwenyewe, kuna wakati kompyuta. Vyote viwili vinawezekana?
Jibu: Kirahisi, badilisha maikrofoni kwa kile kimshale cha Zoom. Ukitaka vyote kwa pamoja, pakua Voicemeeter ya hao hao VB-Audio, inaunganisha sauti yako na ya kompyuta. Ila anza na kimshale. Voicemeeter ina vitufe vingi, nayo nitaiandikia somo lake. Mwenye Mac atumie kebo ya bandia iitwayo BlackHole badala ya VB-CABLE.