Namna ya Kuchagua Viatu vya Kuingilia Majini Kabla ya Safari ya Uvuvi kwa Boti

Wengi wa wanaoondoka Nairobi alfajiri kwenda kuvua Naivasha, Ziwa Victoria au pwani hushughulikia fimbo, ndoano na chambo kwa siku kadhaa, kisha huvaa viatu vyovyote vilivyo karibu na mlango. Kazi yangu ni kuwaongoza wavuvi wa burudani, na ajali nilizoshuhudia hazikutokea samaki alipokuwa akivutwa. Zilitokea mtu aliposhuka kutoka botini au alipojaribu kupanda tena. Kiatu cha safari ya aina hii kina sakafu mbili za kukanyaga, ya maji na ya boti. Kikifaa kwenye moja na kushindwa kwenye nyingine, usikinunue.

Hatua ya 1: Zungumza na kiongozi wako kwanza

Mpigie simu nahodha au kiongozi siku chache kabla ya safari umuulize mambo matatu: iwapo mtashuka majini au mtavua mkiwa ndani ya boti muda wote, iwapo chini kuna tope, mchanga au mwamba, na aina ya soli anayoiruhusu kwenye boti yake. Swali la tatu husahauliwa mara nyingi, ilhali ndilo linaloweza kukufanya uachwe ukivua peku. Baadhi ya soli nyeusi huacha alama zisizofutika kwenye sakafu nyeupe, na nahodha anayeitunza boti yake ana haki ya kuzikataa.

Hatua ya 2: Linganisha kiatu na mahali utakapokanyaga

Naivasha ni karibu na Nairobi, kwa hiyo ndiko wengi huanzia. Ukingo wa ziwa hilo una tope laini, mafunjo na gugu maji, na ndani yake wamo viboko. Kwa sababu ya viboko, mimi simruhusu mgeni kutembea majini ili avue. Hushuka tu pale kwenye gati au mahali pa kutia nanga, hatua chache, kiongozi akiwa mbele. Kwa hatua hizo chache unahitaji kiatu kinachofungwa kwa kamba au mkanda hadi juu ya kifundo, kwa kuwa tope hushika kiatu na kukivua mguuni. Ndala na kroksi hubaki humo humo topeni.

Buti za mpira, ambazo wengi huziamini, nazo nazikataa. Maji yakiingia kwa juu, hayana pa kutokea. Maji hayo hayakuzamishi kama jiwe, lakini mguu huwa mzito mno unapouinua juu ya maji ili upande botini, na hapo ndipo mtu huteleza na kuangukia ubavu wa boti.

Ziwa Victoria ni suala jingine. Kwenye visiwa kama Mfangano kuna mawe yenye utelezi wa kijani, na zaidi ya hayo kuna kichocho. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya kwenye ngozi ya mtu aliye majini, hasa maeneo ya ufukweni yenye kina kifupi na majani. Naomba hili lieleweke vizuri: kiatu chenye matundu ya kutoa maji, hata kiwe cha bei gani, hakikukingi na kichocho. Kinachokinga ni suruali ya mpira inayofika kifuani, isiyopitisha maji, ambayo soksi zake zimeunganishwa na suruali yenyewe, kisha kiatu kikavaliwa juu yake. Kama huna suruali hiyo, samaki aina ya mbuta (sangara) wavuliwe ukiwa ndani ya boti, na upande na kushuka kwenye gati kavu. Aliyekwisha kukanyaga maji hayo na amweleze daktari arudipo.

Pwani, katika maeneo kama Mida, maji hupwa na kujaa kwa tofauti ambayo wakati wa bamvua, yaani siku za maji makubwa, hukaribia mita 4, kwa hiyo boti inaweza kukushusha kwenye mchanga na saa chache baadaye ukawa unapita juu ya mwamba wenye makali. Hapo soli iwe ngumu kiasi cha kutokunjika unapoibana kwa mikono, na ncha ya kiatu ifunike vidole vyote, kwa sababu ya wale viumbe wenye miiba mirefu myeusi wanaojificha kwenye nyufa. Akala zetu ni imara kwa njia ya vumbi, lakini huacha vidole wazi. Hata ukiwa na kiatu kizuri, kwenye mchanga buruta nyayo taratibu badala ya kuziinua, ili taa, yule samaki bapa mwenye mkia wa mwiba, aliyelala chini akusikie na kuondoka. Mwiba wa mkia wake hupenya viatu vingi vya majini. Matumbawe yaliyo hai usiyakanyage kabisa.

Hatua ya 3: Chagua soli

Wanaovua trauti kwenye mito ya milima ya Aberdare husifu soli za felti, yaani nyuzi zilizoshindiliwa mithili ya zulia, kwa kuwa hushika vizuri kwenye mawe yenye utelezi. Kwenye tope, hata hivyo, felti huteleza, na hukaa na unyevu kwa muda mrefu hivi kwamba inaweza kubeba viumbe kutoka maji haya hadi mengine. New Zealand ilizipiga marufuku mwaka 2008 kwa sababu hiyo. Njumu za chuma hushika mwamba vizuri zaidi, lakini hutoboa na kukwaruza sakafu ya boti, na kishindo chake huwashtua samaki. Kwa safari ya boti, chagua mpira laini wenye mikato ya kina, usioacha alama.

Hatua ya 4: Nunua kwa mkono na kwa jicho

Katika masoko ya Gikomba na Toi, Nairobi, hupatikana viatu vizuri vya mtumba vya kutembelea milimani, na vingi vinafaa kazi hii endapo si vya ngozi, kwani ngozi hunywa maji na kukakamaa ikikauka. Kagua sehemu laini iliyo kati ya soli na kiatu: ibonyeze kwa ukucha, kisha ukunje kiatu. Ukiona nyufa au unga ukipukutika, kiache, hata kama kinaonekana kipya. Povu la sehemu hiyo huoza kwa unyevu wa hewa tu, bila kuvaliwa. Nilijifunza hilo kwa jozi yangu mwenyewe niliyoihifadhi kabatini kwa miaka kadhaa. Soli zote mbili zilibanduka mchana mmoja, nikarudi botini juu ya mwamba nikiwa na soksi.

Jaribu kiatu jioni, miguu ikiwa imevimba kidogo, ukiwa umevaa soksi zile zile utakazovaa majini. Soksi nene za neopreni, yaani mpira laini wenye povu, kwa kawaida hudai namba moja zaidi. Kama kiatu hakina matundu ya kutoa maji, fundi viatu anaweza kuyatoboa, mawili kila upande, juu kidogo ya soli.

Hatua ya 5: Kijaribu nyumbani

Loweka kiatu kwenye beseni, kivae, kisha upande na kushuka kwenye kigoda kifupi mara kumi, mtu akiwa karibu yako. Maji yatoke kabla hujamaliza, na kisigino kisipande ndani ya kiatu. Kikikuchubua kwenye kigoda, kitakutoa malengelenge ziwani.

Hatua ya 6: Kioshe kabla ya safari nyingine

Sugua tope na vipande vya majani ungali ufukweni, ili usihamishe gugu maji wala konokono kutoka ziwa moja hadi jingine. Ukifika nyumbani kioshe kwa maji safi, hasa kikitoka baharini, toa kitambaa cha ndani, na ukianike kivulini penye upepo, kwani jua kali hulegeza gundi. Kikikauka hadi ndani ya ncha, ambako mkono haufiki kwa urahisi, ndipo kirudi kabatini.