Kurudisha Uoni wa Dereva katika Gari Kuukuu la Familia

Gari la familia halipofuki kwa siku moja. Kioo cha mbele huchakaa taratibu, mpira wa waipa hukauka taratibu, taa nazo hufifia taratibu, na kwa kuwa mwenye gari huliendesha kila siku, macho yake huyazoea mabadiliko hayo mpaka akaamini kwamba ni barabara yenyewe ndiyo yenye giza. Mimi nilizinduka usiku mmoja wa mvua kati ya Chalinze na Mlandizi, nikiwa na mke wangu na watoto watatu ndani ya Toyota Noah ya mwaka 2003. Lori lilitokea mbele yetu likiwa na taa kali, na kioo chote kikageuka pazia jeupe; nikapunguza mwendo na kuufuata mstari wa pembeni mwa lami, bila kuona chochote zaidi ya mstari huo, mpaka lilipopita. Juma lililofuata nilinunua balbu za wati 100 kwa ushauri wa fundi mmoja. Haukupita muda soketi za plastiki zikaanza kuyeyuka, na uoni wangu haukuwa umeongezeka hata kidogo, kwa sababu kasoro haikuwa kwenye balbu.

Kwa hiyo ninamsihi kila mwenye gari la miaka 15 au 20 asianze na balbu. Utaratibu unaofaa ni kuanza na kioo, kisha waipa, kisha ukungu wa ndani, na taa ziwe za mwisho. Mwanga wowote utakaouongeza barabarani hauna budi kurudi machoni pako kwa kupitia kioo kilekile, na kioo kibovu huutawanya kabla haujakufikia.

Kioo hukaguliwa jua likiwa chini, saa kumi na moja jioni au asubuhi mapema, gari likiwa limeelekezwa kwenye jua lenyewe. Keti kwenye kiti cha dereva utazame kioo, si barabara. Ukiona vidoto vingi vinavyometameta kama chumvi iliyomwagwa, hayo ni majeraha ya mchanga na kokoto zilizorushwa na magari mengine kwa miaka mingi. Ukiona mikwaruzo iliyopinda kama upinde, hiyo imechorwa na waipa iliyokuwa ikisugua vumbi kwenye kioo kikavu. Pitisha ukucha juu ya mkwaruzo: usipoukwaza ukucha, kioo kinaweza kung'arishwa na mtu anayeijua kazi hiyo, ukiukwaza, achana na mawazo ya kusugua, kwa sababu kioo kitabonyea na kuipinda taswira ya barabara. Kingo zilizogeuka rangi ya maziwa zina maana kwamba tabaka la plastiki lililo katikati ya vioo viwili limeanza kuachia, na hapo hakuna dawa ila kubadilisha kioo. Jeraha dogo la jiwe lisilozidi upana wa sarafu huzibwa kwa gundi maalumu ya vioo, mradi maji na vumbi havijaingia. Kwa hiyo lifunike kwa selotepu siku hiyohiyo. Ufa uliopita mbele ya macho ya dereva haustahili kuvumiliwa. Unapobadilisha kioo, hakikisha fundi anatumia gundi ya vioo vya magari na si silikoni ya madirishani, na uliache gari litulie kwa muda anaokuambia, kwani kioo kilichobandikwa vibaya huvujisha maji hadi kwenye fyuzi zilizo chini ya dashibodi.

Upande wa ndani wa kioo husahauliwa na karibu kila mtu. Plastiki za dashibodi zikipigwa na jua hutoa mvuke wenye mafuta ambao hutua kwenye kioo, na hali huwa mbaya zaidi pale vijana wa kuosha magari wanapoipaka dashibodi ule ute wa kung'arisha. Kataa ute huo. Mbali na kuchafua kioo, hufanya dashibodi ijiakisi mbele ya macho mchana kutwa. Safisha kwa maji yenye spiriti kidogo ukitumia vitambaa viwili, kimoja cha kusugulia na kingine kikavu cha kumalizia. Futa ndani kutoka kulia kwenda kushoto na nje kutoka juu kwenda chini, na mistari itakayosalia itakuonyesha yenyewe imebaki upande gani. Nilipofuta kioo cha Noah yetu kwa mara ya kwanza, kitambaa cheupe kilitoka na rangi ya chai.

Waipa hazipaswi kulaumiwa kabla kioo hakijasafishwa. Baada ya hapo, mwaga maji na uzisome alama zinazoacha. Mstari mwembamba wa maji unaobaki mahali palepale ni dalili ya mpira uliochanika au wenye chembe ya mchanga iliyonasa. Utepe mpana usioguswa kabisa una maana kwamba mkono wa waipa umepinda au springi yake imelegea, na mpira mpya hautasaidia kitu. Waipa inayorukaruka na kupiga kelele upande mmoja tu wa mwendo wake imegandia mkao mmoja kwa sababu ya jua, au mkono wake umejisokota. Katika joto la pwani mpira hukauka upesi hata mvua isiponyesha, kwa hiyo usihesabu miezi. Uinue na uupinde kwa kidole, na ukiona nyufa ndogo, ubadilishe kabla ya masika. Pima urefu wa kila upande kivyake, kwa kuwa waipa ya dereva mara nyingi ni ndefu kuliko ya abiria, na unapoitoa weka taulo lililokunjwa juu ya kioo, maana mkono wa chuma ukiponyoka huweza kukipasua. Matundu yanayorusha maji yakiziba yazibue kwa sindano nyembamba. Ukisikia pampu inavuma lakini maji hayatoki, fungua boneti na ulifuate bomba la mpira. Mara nyingi limechomoka. Usitie sabuni ya unga katika tangi lake, kwani huganda na kuacha utando.

Ukungu wa ndani unahitaji kuelezwa kwa kirefu, kwa sababu ndiko mafundi wetu wanakoyaharibu magari bila kukusudia. Watu sita wenye nguo zilizolowa hutoa unyevu mwingi, na unyevu huo ukikutana na kioo kilichopozwa na mvua hugeuka matone. Dawa yake ni hewa kavu yenye joto. Kwanza, angalia kibonye cha kuzungusha hewa ya ndani: madereva wengi hukiwasha kuepuka moshi wa mjini, wakakisahau, na unyevu ukakosa pa kutokea. Pili, kagua chujio la hewa ya ndani, ambalo katika magari mengi ya Kijapani hukaa nyuma ya kisanduku cha mbele ya abiria. Nimewahi kulitoa langu likiwa limejaa majani makavu na manyoya ya ndege, na feni ilikuwa inavuma bila kusukuma kitu. Tatu, washa kiyoyozi pamoja na joto kwa wakati mmoja. Wengi huona ni kinyume, lakini kiyoyozi kazi yake hapa ni kuikausha hewa na joto kazi yake ni kukipasha kioo.

Hapo ndipo wengi hugundua kwamba joto halipo. Pwani hakuna anayelihitaji, kwa hiyo kifaa cha joto, kinachopitishiwa maji ya moto ya injini, kilipoanza kuvuja, fundi aliunganisha mabomba yake mawili kwa kipande kimoja na kukiruka. Na injini ilipochemka siku moja, fundi mwingine aliing'oa thamostati, ile vali inayoyazuia maji ya injini mpaka yapate moto, na kuitupa, na tangu siku hiyo maji hayapati moto unaotosha. Gari la namna hiyo halina tatizo Dar es Salaam, lakini lipeleke kwenye baridi ya milimani, Lushoto au Njombe, mwezi wa Juni, alfajiri, na kioo kitafunga kote kama dirisha la bafu. Fungua boneti uyatazame mabomba yanayoingia kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha abiria: yakiwa yameunganishwa yenyewe kwa yenyewe, umeshapata jibu. Ukungu wenye mafuta usiofutika, harufu tamutamu na maji ya rejeta yanayopungua bila kuonekana chini ya gari ni dalili kwamba kifaa cha joto kinavuja sasa hivi, na kinatakiwa kubadilishwa.

Kwa nyuma nitapita haraka. Nyaya nyembamba za kupasha joto kioo cha nyuma hukatika hasa zinapokwanguliwa pamoja na tinti iliyofura, kwa hiyo tinti kuukuu ilainishwe kwanza kwa mvuke. Kioo cha pembeni kilichopata madoa meusi kingoni kibadilishwe kioo peke yake, si lazima ununue chote. Lenzi ya kamera ya nyuma iliyofifia, na kile kioo kidogo cha juu ya mlango wa nyuma ambacho baadhi ya Noah zilikuja nacho, vistahili kusafishwa kila gari linapooshwa, kwa sababu nyuma ya gari la familia ndiko watoto wanakocheza.

Sasa taa. Lenzi za taa za miaka hii ni plastiki, zimepakwa utando wa kuzikinga na jua, na utando huo ukishaungua hugeuka manjano na kuumeza mwanga. Dawa ya meno huzing'arisha kwa majuma machache tu. Kazi ya kweli huanza kwa kuzungushia utepe wa karatasi kwenye rangi ya bodi, kisha kusugua kwa msasa wa maji namba 800, ukifuatiwa na 1500 na 2000, huku maji yakitiririka muda wote. Mwanzoni maji hushuka ya manjano kama uji wa ulezi uliochanganywa maziwa mengi. Endelea na msasa wa kwanza mpaka yashuke meupe kabisa, kwa kuwa umanjano wowote unaobaki ni utando wa zamani. Baada ya polishi, paka vanishi angavu yenye kinga ya jua, ambayo fundi rangi anayo. Ukiiruka hatua hii ya mwisho, lenzi itarudi kufifia upesi kuliko mwanzo. Matone ndani ya taa hayahusiani na msasa: tafuta kofia ya mpira iliyopotea nyuma ya balbu.

Kisha pima umeme. Injini ikiwaka na taa zikiwaka, mita ya umeme isome kiasi cha volti 14 kwenye betri. Pima tena nyuma ya balbu, na tofauti ikizidi nusu volti, kuna umeme unaopotea njiani. Katika gari langu kosa lilikuwa boliti moja ya waya wa hasi, iliyofungwa kwenye bodi karibu na taa ya kushoto. Nilipoifungua, chini yake palikuwa na duara la kutu lenye rangi ya matofali; nikapasugua mpaka chuma kikang'aa, nikapaka grisi, nikafunga. Taa iliyokuwa ya manjano ikawa nyeupe, kwa balbu ileile ya kawaida. Balbu ya H4, ile yenye fulu na dimu ndani ya balbu moja, ina wati 60 kwa fulu na 55 kwa dimu, na hizo zinatosha. Usiishike kioo chake kwa vidole vitupu, na hakikisha vishikio vyake vitatu vimekaa sawasawa. Balbu za LED zinazochomekwa mahali pa H4 mara nyingi hutawanya mwanga kwa sababu kiakisi, yaani bakuli linalong'aa ndani ya taa, hakikuundwa kwa ajili yake, na anayeumia ni dereva anayekuja mbele yako.

Mwisho, elekeza taa. Jaza upepo sahihi kwenye matairi, simamisha gari mahali tambarare mita 5 kutoka ukutani, na uweke alama ukutani kwa kimo cha katikati ya taa. Ukingo wa juu wa dimu ushuke sentimita 5 hivi chini ya alama hiyo, na sehemu inayopanda iwe upande wa kushoto, kwa kuwa taa za Japani zimeundwa kwa barabara za kushoto kama za kwetu. Mwenye gari kama hili Burundi au mashariki ya Congo, ambako magari hupita kulia, sehemu hiyo inayopanda humpiga machoni anayekuja, kwa hiyo atafute taa za upande wa kulia. Pima ukiwa peke yako kwenye kiti cha dereva. Siku utakapopakia familia nzima na mizigo nyuma, pua ya gari itainuka na taa nazo zitainuka. Ndipo kile kibonye chenye namba 0 hadi 4 au 5 kilicho kwenye dashibodi kinapohitajika. Kigeuze mpaka ukingo wa mwanga urudi mahali pake ukutani, na uikumbuke namba hiyo kwa safari zote za mzigo.